Nani Kasema Kupinda ni Kukunja?

Vitabu vya mazoezi ya Kiswahili vya shule ya msingi vinalipenda sana swali la aina hii: "Andika kisawe cha neno pinda." Jibu linalongojwa ni kunja. Mtoto akiandika kunja anapata vema. Akiandika kingine anapigwa mkasi, na habari inaishia hapo. Anakua na jibu lake, anaingia nalo sekondari na chuo kikuu, mwisho anakaa nalo kwenye meza ya uhariri, na huko linageuka kuwa amri: usirudie neno, tafuta kisawe chake. Ndiyo maana unaweza kusoma habari ambamo barabara iliyopinda katika aya ya kwanza imekunjika katika aya ya pili, kana kwamba katikati ya aya hizo kuna mtu kaichukua akaitia mfukoni.

Nasema swali hilo ni bovu, na imani iliyolizaa ni mbovu kuliko swali lenyewe. Imani hiyo inasema visawe ni maneno yenye maana moja, kwa hiyo ukiliondoa hili ukaweka lile hakuna kitakachoharibika. Walimu wanaifundisha, watahini wanaitahini, na wapo watu wazima wenye heshima zao wanaoitetea kwa nguvu zote. Nitaipinga kwa neno hilohilo la pinda na jamaa zake. Ni maneno ya kila siku, hayamtaki mtu awe na shahada, na mashahidi wake wako mitaani wanaendelea na kazi zao.

Anza kwa fundi cherehani. Mpe suruali mpya iliyozidi urefu, umwambie, "Fundi, naomba unipindie." Atataka kujua utaivalia viatu gani, atakupima mpaka kisiginoni, atakata, atageuza ncha ya kitambaa kwa ndani mara mbili na kupitisha mshono. Sasa mwambie, "Naomba unikunjie." Ataikunja vizuri, ataitia kwenye mfuko wa karatasi na kukukabidhi. Hajakosea hata kidogo. Wewe ndiye unayeondoka na suruali ndefu kama ulivyokuja nayo. Kuikunja unaweza mwenyewe, hadi magotini, unapovuka maji ya Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa masika. Ukifika ng'ambo unaikunjua na kuendelea na safari.

Mafundi wanaokaa na cherehani zao kwenye baraza za maduka ya kanga wanakula kwa neno hilo. Doti inauzwa vipande viwili bado vimeungana, fundi anaikata katikati, anaipinda, basi. Na ile sehemu ya pembeni inayouzunguka mji na jina la kanga inaitwa pindo. Hakuna mwanamke wa Pwani atakayekuambia kanga yake ina mkunjo mzuri. Mkunjo ndio anaouondoa kwa pasi kabla ya kwenda shughulini.

Toka hapo uende saiti. Nondo hutengenezwa kwa urefu wa mita 12, na aghalabu huletwa zimekunjwa katikati ili ziingie kwenye gari, ncha zote mbili zikitazama nyuma. Fundi wa nondo ana ubao wake uliopigiliwa vipande vya chuma na bomba lake la kukamatia, na kazi yake ya asubuhi ni kukunja ringi, vile vipande vya mraba vinavyofungwa kuzizunguka nondo nene za nguzo. Anachukua nondo nyembamba ya milimita 8, anaikunja pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka ncha zinakutana na kulabu zake kuingia ndani. Hiyo imekunjwa. Lakini ukimkuta kasimama mbele ya nguzo, kafumba jicho moja, anasema "Hii imepinda," usimcheleweshe kwa salamu. Kuna kazi ya kurudia, na tajiri hajajua.

Kinachoyatenganisha maneno haya mawili kinaonekana ukiviweka pamoja vitu vinavyokunjwa: ngumi, mkeka, barua, shuka, goti, uso, mwavuli, hata ile nne anayokunja mtu aliyekaa kibosi. Katika vyote sehemu moja ya kitu inarudi kuikuta sehemu nyingine ya kitu hichohicho. Vidole vinarudi kiganjani, nyusi zinasogeleana, ncha ya mkeka inalala juu ya mkeka. Halafu tazama vinavyopinda: msumari, njia, mgongo wa mzee, mnazi wa ufukweni. Hapo hakuna kinachorudi kukutana na kitu. Kulikuwa na mstari uliotazamiwa kunyooka, na kitu kikauacha. Tarehe 3 Juni 1997, kule Lyon, Roberto Carlos wa Brazili alipiga mpira wa adhabu dhidi ya Ufaransa ukapita nje ya ukuta wa wachezaji, ukaelekea kama unatoka kabisa, kisha ukarudi wavuni huku kipa Barthez kasimama palepale. Shabiki yeyote anayesema Kiswahili atakuambia mpira ule ulipinda. Mpira uliokunjika ni ule usio na upepo.

Najua kuna msomaji ameshanikamata kwenye pindo la nguo: si kitambaa kinarudi juu ya kitambaa pale? Kinarudi, na hapo maneno yanagusana kweli. Ila huko kukutana hakumshughulishi fundi. Anachotaka ni ncha igeuzwe uelekeo ikae hivyo, isikunjuke. Siku pindo likikunjuka unamrudishia.

Methali nazo zinajua kuchagua. Samaki mkunje angali mbichi. Tunaikariri kwa habari ya malezi mpaka tumesahau kwamba samaki huyo yupo. Kambale anayebanikwa hukunjwa akiwa bado laini mpaka mkia unafika kichwani, vikashikizwa kwa kijiti, ndipo anawekwa juu ya moshi. Akishakauka hakunjiki; ukilazimisha anakatika. Methali haikutaka samaki aliyepinda kidogo. Ilimtaka yule ambaye ncha zake zimekutana. Chukua na ile nyingine: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama ni kichwa na kifua kushuka, mwili ukifuata. Wapenda visawe wangeweza kutuletea abong'oe, maana nako ni kushuka, ila mkazo umehamia upande wa pili wa mwili. Jaribu kuimaliza methali hivyo mbele ya wakwe zako.

Asiyewaamini mafundi na wauza samaki na aitazame sarufi, kwa kuwa hapa ndipo hoja ya visawe inapovunjika. Kiswahili kina kauli ya kutendua. Ukifunga unafungua, ukiziba unazibua, ukitega unategua. Ukikunja unakunjua: mkeka unarudi kulala, uso unarudi kucheka, na mtu ambaye uso na moyo wake haviko kwenye mikunjo tunamwita mkunjufu. Kwa hesabu hiyo, kama pinda ni kunja, basi pindua ingekuwa kunjua. Je, ndivyo? Ukipindua mkeka umeugeuza chini juu. Chombo kikipinduka baharini abiria wako majini. Zanzibar ilipopindua serikali tarehe 12 Januari 1964 nchi ilipata Mapinduzi. Msomaji ajaribu kutamka "Makunjuzi" peke yake chumbani aone. Na kilichopinda, ukitaka kukirudisha kilivyokuwa, hukipindui. Unakinyoosha, kwa neno lililokopwa nje ya ukoo wa pinda kabisa. Maneno mawili yanayodaiwa kuwa na maana moja hayawezi kutenduliwa kwa njia mbili zilizoachana hivyo.

Ukoo huo wa pinda una mitego mingine. Kurasa za michezo husema timu imepindua matokeo pale ilipokuwa nyuma kisha ikashinda, na mashabiki wanasema imepindua meza. Badilisha mwisho wa neno, andika kwamba timu imepindisha matokeo, na sasa umeituhumu kwa hila. Kwa mwandishi ni tofauti ya kusifu na kuitwa mahakamani. Vilevile tunapindisha sheria, tunapindisha ukweli, tunapindisha maneno ya mtu. Sheria iliyovunjwa kila mtu anaiona imevunjwa. Iliyopindishwa bado inasomwa kama sheria, ina kifungu chake na muhuri wake, ila haielekei tena ilikokuwa ikielekea, na hiyo ndiyo hatari yake. Kijiweni nako mtu "aliyepinda" ni yule ambaye akili yake haifuati njia ya wengine, na wakati mwingine ni sifa. Watu "waliokunjana" wameshikana ukosi tayari kupigana. "Anayekunja" milioni kwa mwezi anazitia mfukoni. Vijana waliozua misemo hii hawakukaa na kamusi, lakini waliona kwamba noti inakunjwa ndipo inaingia mfukoni, na ukosi unakunjika ndani ya ngumi.

Kwa majirani wa pinda, penye utajiri mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye tao. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, katika magofu yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, una matao yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Yana umbo la kuzunguka, na mwenye imani ya visawe angeweza kusema kuta zile zimepinda juu ya milango. Fundi mwashi angemcheka. Tao linabeba mzigo. Mawe yake yameegemeana ili uzito ushuke pembeni. Kupinda kwa mwashi ni dalili ya kuelemewa. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina vyumba vyembamba virefu, kwa sababu dari zake zinalala juu ya boriti za mkoko, na boriti ikizidishwa urefu hupinda katikati kwa uzito wa dari. Nyumba moja, basi, ina tao lililosimama na boriti iliyopinda. Moja ni fahari ya mwenye nyumba, nyingine inamkosesha usingizi. Na binti anayetembea kwa matao hatembei kwa kupinda, anajua anavyotazamwa. (Nairobi nako wanasema wanaenda tao kila siku, wakimaanisha mjini. Hilo ni tao la ukoo mwingine, tusilibebeshe lawama.)

Waunda majahazi wa Matondoni na Nungwi wana yao. Mbavu za chombo, yaani mataruma, hazikunjwi, na seremala hahangaiki kuupinda mti ulionyooka. Anautafuta mti au tawi lililojipinda lenyewe porini, analilinganisha na tumbo la chombo, ndipo analichonga. Mti uliokataliwa na mchonga milango kwa kuwa una kombo, kwake ni mali. Lakini kombo hilohilo likiingia kwenye mambo ya watu, mambo yameenda kombo, na hapo hakuna seremala anayeyataka.

Sasa niwasikilize wapinzani, maana hoja zao si za kitoto. Ya kwanza ni kamusi. Wanasema kamusi yenyewe inaeleza pinda kwa kunja, mimi ni nani nikatae. Nawajibu kwamba mtunga kamusi ana mstari mmoja au miwili wa kumfikisha msomaji karibu na maana. Johnson na kamusi yake ya mwaka 1939, TUKI na yake ya mwaka 1981, BAKITA na Kamusi Kuu ya mwaka 2015, wote walikuwa na maelfu ya maneno ya kuyapanga na karatasi isiyotosha. Koma kati ya maneno mawili ndani ya kamusi inasema maneno haya ni majirani. Walioigeuza koma kuwa alama ya sawasawa ni sisi tuliosoma kamusi kwa haraka tukaenda kutunga mtihani.

Ya pili ina nguvu zaidi. Bodaboda wa Nairobi akiambiwa apinde kushoto, na wa Dar es Salaam akiambiwa akunje au akate kushoto, wote watafika kulekule. Je, hayo si visawe? Ni visawe, nakubali bila kinyongo. Lakini angalia yalipokutania: barabarani, kwenye kuelekeza njia, na kwa watu wa miji tofauti. Yatoe hapo uyarudishe kwa fundi cherehani, kila moja linashika kazi yake. Hata barabarani penyewe hayako sawa sana. Kata inakutoa kwenye njia uliyokuwa nayo. Chepuka inakutoa pia, ila kimyakimya, na ndiyo maana Watanzania walipotafuta jina la mpenzi wa pembeni walimwita mchepuko, na mwenye ndoa akabaki kuitwa njia kuu. Hakuna aliyefikiria kumwita mkunjo. Kona nayo, mgeni wetu kutoka Kiingereza, imechukua mahali ambapo maneno ya zamani yalikuwa yamesinzia. Wapo wanaotaka tuifukuze turudishe pembe. Watu wa malori wanaopanda Kitonga kwenda Iringa wanazungumzia kona za Kitonga, na wako sahihi kuliko wasafisha lugha, maana pembe ina ncha na barabara ile haina ncha popote. Inazunguka mlima.

Ndovu na tembo basi? Hayo ni visawe, na majina ya vitu yana visawe vingi kwa sababu lahaja zetu na lugha tulizokopa zilileta kila moja jina lake kwa mnyama yuleyule. Sikatai. Kosa ni kuichukua kanuni ya ndovu na tembo na kuibandika kwenye vitenzi, ambako kila neno limeshika namna yake ya kutenda.

Ya tatu ndiyo ninayoisikia mara nyingi, na ndiyo inayonikera: "Alimradi unaeleweka." Unaeleweka na nani, na kwa gharama gani? Kwenye miteremko ya Mlima Meru kuna maji yenye floraidi kupita kiasi, na miongoni mwa watoto walioyanywa tangu wachanga wamo waliokua na miguu iliyopinda. Mama akifika zahanati akasema mguu wa mwanangu umepinda, mganga anaufikiria mfupa. Akisema mguu wa mwanangu haukunjiki, anafikiria goti. Ni maradhi mawili, vipimo viwili, dawa mbili. Huyo mama hakufundishwa visawe, na bahati nzuri hakufundishwa, kwa hiyo anasema anachokiona.

Ushahidi wa mwisho nauchukua darasani humohumo, somo la sayansi, chumba cha pili kutoka kwa mwalimu wa Kiswahili. Walioandika vitabu vya sayansi walitakiwa kuzipa majina lenzi za aina mbili. Wangeifuata imani ya visawe wangeziita zote lenzi zilizopinda, maana zote zimepinda, na mwanafunzi asingejua kitu. Wakarudi kwenye vitenzi vya nyumbani. Iliyotuna katikati wakaiita lenzi mbinuko, kutokana na kubinuka. Iliyobonyea katikati wakaiita lenzi mbonyeo. Ya kwanza inakusanya miale ya mwanga, ya pili inaitawanya. Asiyeona mbali anapewa mbonyeo, na ukimpa mbinuko utamzidishia ukungu. Mtoto wa darasa hilo anatakiwa asichanganye kubinuka na kubonyea, la sivyo anakosa alama. Kengele inalia, anahamia kipindi cha Kiswahili, na huko anapewa alama kwa kuchanganya kupinda na kukunja.

Ombi langu kwa watunga mitihani, basi, ni dogo. Futeni "Andika kisawe cha neno pinda." Andikeni hivi: "Suruali ya Juma imezidi urefu. Fundi aikunje au aipinde? Eleza kwa nini." Alama mbili. Na mwalimu atakayeshindwa kusahihisha aende kwanza Kariakoo, akamuulize fundi.